Mtambo Uliojengwa Pande Mbili za Ua

Mwanangu Ambilikile alipokufa sikulia. Nalisema mapema kwa sababu watu wa Busale walilizungumza sana, na mimi sina cha kuficha. Waliniletea mwili umefungwa kwenye mkeka, ngozi imebambuka kwa mvuke, nami nikauliza kama wabebaji wamekula. Walikuwa hawajala. Nikawapikia ndizi, wakala, nikaosha vyungu. Tangu siku ile nimekuwa kama mkono ulioulalia: unauona ni wako, lakini ukiubonyeza hausemi kitu.

Kwa hiyo anayetafuta machozi aende kwa mwingine. Mimi nataka kueleza habari za mume wangu, Asajile, ambaye katika miaka ile ya Wajerumani, kabla vita havijafika ziwani, alijenga mtambo wa moshi nyuma ya nyumba yetu kwa mikono yake mwenyewe.

Asajile alikuwa mhunzi. Kazi aliifuata kwa Wakinga kule milimani akiwa kijana, akarudi na nyundo, mivukuto ya ngozi ya mbuzi na kovu la moto shavuni. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimsalimia "Ugonile," atakujibu "Ndaga," kisha atatazama jembe lako kuliko uso wako. Hakuweza kupita kipande cha chuma njiani bila kukiokota. Hata tukienda msibani alirudi na msumari. Nilimkaripia kwa hilo mpaka nikachoka. Niliolewa na mhunzi, basi niliolewa na masizi pia.

Pale Itungi kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Kijerumani mwenye mashua ya moshi. Mashua yenyewe ilikuwa mpya, mbao za hapa hapa, lakini mtambo wake ulikuwa mzee kabla haujaliona ziwa. Ulikuwa umefanya kazi kwenye mto wa nchi nyingine, ukachakaa, ukafunguliwa, ukaletwa vipande vipande vichwani mwa wapagazi. Kila mara kitu kilikatika, wakamwita Asajile awafulie kingine. Hakujua kusoma, na vipimo vya Wazungu hakuviamini. Kila kipande alichokishika alikikatia mwanzi wa urefu ule ule, akachonga alama za upana na unene, kisha akauchomeka mwanzi darini kwetu. Baada ya misimu michache mtambo mzima ulikuwa darini, ila haukuwa na chuma.

Kwa njia hiyo Ambilikile alipata kazi ya kuchochea moto kwenye mashua. Na siku moja ya kiangazi, asubuhi, mashua ikiwa imefungwa tayari kwa safari, chungu cha mvuke kilipasuka kikamuua yeye peke yake. Yule mfanyabiashara aliokota vyuma vyake, akaviuza, akahama. Hatukumwona tena.

Lakini kwetu mtu hafi hivi hivi. Kifo kina mlango kilioingilia, na watu wakaanza kuutafuta. Waliuona kwa Neli.

Neli alikuwa mke wa Ambilikile, binti wa wafinyanzi wa Kikisi kutoka Ikombe, mwembamba, mwenye vidole visivyotulia. Ili mnielewe, lazima niwaeleze mila yetu. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwanao na baba mkwe wake hawaonani. Si kwamba hawapendani, hawaonani. Hasemi naye, hapiti alipo, akisikia kikohozi chake hutoka njiani na kujifunika nguo kichwani mpaka mzee apite. Akivunja mwiko huo, balaa huingia nyumbani. Ndiyo maana vijana wetu hujenga vijiji vyao mbali na vya baba zao. Mila hiyo nilimfundisha Neli mimi mwenyewe alipoolewa, na aliishika kuliko mabinti wa hapa, maana mgeni huogopa kukosea. Alikuwa amekwisha zaa mtoto, Angetile, na Asajile hakuwa ameuona uso wa Neli. Maneno yao niliyabeba mimi, huku na huko. Nilikuwa daraja, na kazi ya daraja ni kukanyagwa.

Basi watu wakasema kwamba asubuhi ya kifo Neli alikutana na mkwewe kwenye njia ya mto, wala hakujifunika. "Amemtazama mkwe, mume amelipa." Ulimi hauna mfupa. Asajile alipoulizwa alisema hakuona mtu njiani asubuhi ile, alikuwa anatazama chini. Hilo nililiamini. Alikuwa anatafuta misumari.

Wazee wakakaa. Mkubwa wao alikuwa Andongwisye, ambaye Jumapili alituongoza kwa sala kanisani na siku nyingine aliamua mashauri ya kijiji, wala sijawahi kumwona akiyachanganya hayo mawili. Akasema Neli arudi kwao Ikombe asije akaua wengine. Mtoto abaki, kwa kuwa ng'ombe wa mahari ya mama yake walishatolewa. Angetile alikuwa bado ananyonya.

Neli hakuwapo pale, kwa kuwa mkwewe alikuwapo. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Asajile akasimama. Nilishangaa, maana kwenye mabaraza alikuwa akisinzia.

"Mwanangu ameuawa na chuma," akasema. "Nipeni mpaka mpunga uvunwe. Nitawajengea chuma kile kile, mkione kikiua bila mtu kumtazama mtu."

Andongwisye akauliza, "Na kisipoua?"

"Basi mama Angetile aende."

Akaanza siku ile ile. Alishusha mianzi yote kutoka darini akaipanga uwanjani, kila mmoja mahali pake, mirefu na mifupi. Nikamuuliza ndiyo nini.

"Ndio wenyewe huo," akasema. "Nitaujenga nusu."

Nusu yake aliipata kwa kamba. Alipima mwanzi kwa kamba, akaikunja kamba katikati, na urefu ule ndio alioufulia chuma. Majembe yetu ya zamani yakawa miguu ya mtambo. Gurudumu alilichonga kwa mti wa mvule, akalivika pete ya chuma. Kwa chungu cha mvuke alienda Mwaya, akabadilisha majembe mapya kwa sufuria kubwa la shaba nyekundu, akalipigilia kifuniko kwa misumari ya shaba mpaka pumzi isipite.

Ikabaki ile sehemu ambayo siku hizi mnaiita silinda, pipa dogo ambamo pistoni hukimbia mbele na kurudi. Hiyo haifuliwi, inamiminwa, na ilihitaji shaba ya njano. Mimi nilikuwa nayo. Zamani tulivaa pete nzito za shaba kiunoni. Zangu alinipa baba yangu siku ya kuolewa, nami nilizivua nilipobatizwa, nikaziweka ndani ya chungu. Asajile hakuziomba. Nilizileta nikazimwaga karibu na mivukuto. Alinitazama akingoja niseme neno. Nilizitoa kama mtu anavyotoa maji ya kunawa.

Alitengeneza silinda ya nta, akaipaka udongo, akayeyusha nta itoke, akamimina shaba. Udongo ukapasuka, shaba ikakimbilia majivuni. Akarudia. Ikapasuka tena. Akakaa chini karibu na moto, mikono mapajani.

"Una mkwe mfinyanzi," nikamwambia, "halafu unafinyanga kama mtoto anayechezea nyoka wa udongo."

"Nitamwambiaje?"

"Mimi nipo kwa kazi gani?"

Akakata mianzi mingine, akajenga ua katikati ya uwanja, mrefu kuliko mtu, uliosukwa usipitishe jicho. Upande huu moto na mivukuto; upande ule, chini ya migomba, Neli na udongo wake. Mwishoni mwa ua akaweka jiwe bapa. Yeye ataweka nta juu ya jiwe, atakohoa, ataondoka. Neli atakuja kuchukua. Ndivyo walivyofanya kazi msimu mzima.

Ukichungulia ungecheka. Walikuwa karibu kiasi cha kusikia kila mmoja akipumua, lakini kila neno lilipita kwangu.

"Mama Ambilikile," husema mume wangu kwa sauti ya kusikika mpaka mtoni, "mwambie mama Angetile nta hii isipigwe na jua."

Neli ameshaiweka kivulini zamani. Hata hivyo mimi nazunguka ua. "Neli, nta isipigwe na jua."

"Ndaga, juba," ananijibu. Juba ni mama. Kisha ananinong'oneza: "Mwambie mwenye nyumba udongo wake una haraka. Huu ukae mpaka utoe baridi yote." Hivyo ndivyo alivyomtaja mkwewe, mwenye nyumba.

Narudi. "Anasema una haraka."

"Hakusema hivyo."

"Amesema udongo una haraka. Udongo ni wa nani?"

Udongo wa Neli ulitoka kwao ziwani. Aliuchekecha kwa kitambaa, akauchanganya na vigae vilivyopondwa na mavi ya ng'ombe, akaupaka juu ya nta tabaka kwa tabaka, akiugeuzageuza kwa vidole vile visivyotulia. Aliukausha kivulini, kisha akauchoma polepole ndani ya pumba za mpunga. Asajile alipomimina shaba, udongo ulitulia. Alipouvunja, silinda ilitoka nzima. Aliisugua kwa mchanga, akaigeuza, akaweka jicho kwenye tundu. Nikangoja salamu za kupeleka, hakunipa. Kesho yake nikakuta sega la asali juu ya jiwe bapa. Neli alikula nusu, nusu akampa Angetile. Nilipomweleza Asajile, alitikisa kichwa tu, akaendelea kupiga tupa.

Wawili hao walimpenda mtu mmoja aliyekufa, na sasa walikuwa wanajenga kilichomuua, kila mmoja upande wake. Mimi niliwapikia. Nilijua kwamba jambo lile lilikuwa la kuhuzunisha, kama unavyojua kwamba kuna mvua kule Ngana bila wewe kulowa.

Kipande cha mwisho kilikuwa kizibo. Juu ya chungu cha mvuke kuna tundu, na tundu lina kizibo kilichokandamizwa na uzito kidogo. Pumzi ikizidi, inakiinua, inatoka ikilia. Kwenye ule mtambo wa mashua kizibo kilikuwa kinaganda, kwa sababu walikuwa wakitia maji ya Itungi yenye tope, na tope likiiva linakuwa kama saruji. Asajile alikwisha kukigongagonga kwa nyundo mara nyingi. Sasa akakitengeneza vile vile, na maji akayafuata Itungi kule kule. Kalibu ya tundu lile aliifinyanga Neli. Alijua upana wake kwa kidole.

Mpunga ukavunwa, wazee wakaja. Asajile alikuwa ameinua tuta la udongo mbele ya migomba, akatuketisha wote nyuma yake. Neli alikuwa upande wake wa ua, mbali kidogo. Angetile alikuwa mapajani pangu. Maneno ya Asajile yalikuwa machache: atawasha, utazunguka, kizibo kitalia, kisha kitanyamaza, kikinyamaza atakuja kukaa nasi, na tungoje.

Akawasha. Kwa muda hakuna kilichotokea na wazee wakaanza kuzungumza habari za ng'ombe. Kisha gurudumu likajitikisa, likasita, likaenda. Tuku, tuku, tuku. Wazee wakaacha ng'ombe wao. Andongwisye alivua kofia akaishika magotini. Kizibo kikalia, sauti nyembamba, kikalia tena, kikanyamaza.

Asajile hakuja.

Alikuwa amechuchumaa kando ya mtambo, kichwa amekiinamisha upande, mkono mmoja juu ya ule mguu wa jembe. Anasikiliza. Niliijua sauti ile ya tuku, tuku, na yeye aliijua. Ndiyo iliyokuwa ikisikika Itungi mwanetu akichochea moto. Nikamwita. Nikamwita tena kwa jina lake, ambalo mke hamwiti mume mbele ya watu. Hakugeuka. Ningependa kusema kwamba nilikimbia, lakini miguu ilikaa pale pale na mimi nikakaa juu yake, nikitazama.

Neli ndiye aliyekimbia. Alitoka mwisho wa ua, kichwa wazi, mbele ya wazee wote, akamshika mkwewe mkono kwa mikono yake miwili na kumvuta. Asajile akamtazama usoni. Naye akamtazama. Kisha Neli akamburuta kama gunia, wakaangukia nyuma ya tuta, na sufuria likapasuka. Kipande cha shaba kilikata migomba miwili. Maji ya moto yalinyesha juu ya majani. Hakuna aliyeumia.

Tulipoinua vichwa, Neli alikuwa amerudi nyuma ya ua, na ile nguo imemfunika mpaka magotini.

Andongwisye aliuendea mtambo, akaokota kipande cha sufuria, akapapasa ukingo wake. Akatafuta kizibo, akakikuta bado kimeshikamana na tundu. Akajaribu kukichomoa kwa kucha, kikagoma.

"Kizibo kilinyamaza kabla mwanamke hajatoka," akasema. "Wote tumesikia. Chuma ndicho kilichoua. Mama Angetile hana neno, akae na mtoto wake. Haya ya leo, kwamba wameonana, tutayachinjia jogoo yaishe."

Wazee wakasema ndivyo. Mmoja akaomba kuonyeshwa gurudumu. Asajile akakaa chini akafuta uso, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu msiba, nikahisi kitu kidogo, kama pale ganzi inapoanza kuachia na mkono unauma. Mtoto atabaki na mama yake. Nililala nikiwa na wazo hilo.

Asubuhi Neli alikuja na Angetile mgongoni. Akamfungua, akampakata, akamnyonyesha kwa muda mrefu, kisha akamweka mapajani pangu. Alikuwa na kifurushi.

"Unafuata udongo?" nikamuuliza.

"Nakwenda kwetu, juba."

"Kufanya nini? Hukusikia alivyosema Andongwisye?"

"Nilisikia." Alikaa akitazama vidole vyake, ambavyo leo vilikuwa vimetulia. "Asubuhi ile ya mto nilimwona mwenye nyumba. Yeye hakuniona, alikuwa anatazama chini. Nilikuwa na mtungi kichwani, mikono yote miwili juu, nikashindwa kujifunika. Nikamtazama mpaka akapita. Kabla sijaufikisha mtungi nyumbani wakaja kuniambia Ambilikile amekufa."

"Ameuawa na chuma. Umeona jana kwa macho yako."

"Nimeona, juba. Nilimtazama mara ya kwanza, chuma kikapasuka. Jana nikamtazama, chuma kikapasuka."

"Jana ulimwokoa."

"Ndiyo. Nyumba hii ilikuwa imebaki na watu wawili wa kufa, mmoja nimemvuta. Aliyebaki ni huyu." Alimgusa Angetile mguu, akaondoa mkono upesi. "Hapa nitaishi miaka mingi, njia ni nyembamba, na macho ni yangu. Siwezi kungoja mara ya tatu."

Maneno ya kubeba nilikuwa nayo maisha yangu yote. Ya kwangu nilipoyatafuta, nilipata moja tu. "Kaa," nikamwambia.

"Ndaga fijo, juba," akasema, kama mtu anayeshukuru kwa chakula, akainuka. Kifuani nguo yake ilikuwa imelowa maziwa.

Nikamwita Asajile. Nilipomwambia, alikimbia, mtu ambaye sijapata kumwona akikimbia, nyundo bado mkononi. Nikamfuata na mtoto mpaka mwisho wa migomba, pale njia inapoteremka kuelekea ziwani.

Neli alikuwa amesikia nyayo. Alikwisha toka njiani, amechuchumaa ndani ya matete, nguo kichwani. Asajile akasimama. Hakugeuka kunitafuta nimpelekee neno. Alisema mwenyewe. Alimweleza habari za tope na kizibo, kisha akarudia tangu mwanzo. Alimwambia macho yake hayajamuua mtu, kwamba yeye mwenyewe alitazamwa na bado anapumua. Alimwambia silinda ile ni kazi nzuri kuliko zote alizozishika. Alimwita "mwanangu." Siku ile alisema maneno mengi kuliko niliyoyasikia kwake tangu anioe.

Matete hayakujibu. Mkwe hamjibu baba mkwe, na Neli hakuwa tena mtu wa kuvunja mwiko. Jua likapanda. Angetile akaanza kulia, anataka kunyonya, na sauti yake ilifika kule chini, kwa sababu niliona ile nguo ikitikisika. Lakini Neli hakuinuka. Maadamu Asajile alikuwa amesimama pale, hakuweza kuinuka, si kwa kwenda wala kwa kurudi.

Asajile alingoja. Mwishowe akageuka, akapanda mlima polepole, akanifikia, akamchukua mtoto mikononi mwangu.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Miguu ilikuwa imeanza kumtetemeka," akasema. "Nimempisha."